Tusiache Mbacha Wetu kwa Zulia la Gundi

Mikeka siku hizi imekuwa ya namna nyingi. Tulizoea mkeka wa kulalia, jamvi la barazani, kitanga cha kulia chakula na msala wa kusalia. Sasa umezuka na mkeka wa mazoezi. Huu ni wa mpira au wa sponji ya plastiki, huuzwa umeviringishwa na kufungwa kamba, na vijana wetu, hasa wa kike, huutandika chumbani wakafunga mlango na kunyoosha viungo kwa yale mazoezi yenye asili ya Bara Hindi yaitwayo yoga. Wako wazee wanaonung'unika juu ya jambo hilo. Mimi leo sikukaa kuandika juu ya yoga, na ugomvi huo nawaachia wenyewe.

Kilichonivuta ni jinsi mkeka huo unavyotunzwa. Binti wa jamaa yangu mmoja pale Kibokoni, kila akimaliza mazoezi yake, huchukua kitambaa na maji yenye sabuni kidogo isiyo kali, akaupangusa mkeka pande zote mbili, kisha akaupitishia maji matupu ili sabuni isibaki ikaufanya utelezi. Halafu huuanika kivulini. Nilipomwuliza kwa nini asiuweke juani ukakauka upesi, alinijibu, "Ami, jua huupasua mpira. Ukizoea juani utaanza kumeguka kama biskuti." Wala hauviringishi mpaka ukauke kabisa, kwani unyevu ukifungiwa ndani huleta harufu. Na hamwazimi mtu. Jasho la mtu, asema, ni la mtu mwenyewe.

Nikautazama na msala wake, uliokuwa umetundikwa kwenye kiti. Sikumwuliza ulifuliwa lini. Sikumwuliza kwa sababu swali hilo si lake peke yake, bali ni letu sote, waume kwa wake, majumbani na misikitini. Mkeka wa nusu saa ya mazoezi unaoshwa kila siku. Msala tunaouwekea paji la uso, pua, viganja, magoti na vidole vya miguu mara tano kwa siku, huo hukunjwa ukatupwa juu ya kabati mpaka Ramadhani nyingine.

Hoja yangu ni nyepesi. Kitu cha kusalia juu yake sharti kiwe ni kitu kinachoweza kuinuliwa, kikakung'utwa, kikamwagiwa maji na kikapigwa na upepo. Mikeka ya wazee wetu ilikuwa hivyo. Mazulia tuliyoyabandika kwa gundi katika misikiti yetu mingi hayako hivyo, na kwa kuyabandika tumejizuilia kazi ambayo mama zetu waliifanya bila ya kufundishwa na mtu.

Tuutazame mkeka wenyewe. Mkeka mzuri wa pwani ni wa ukindu, yaani majani machanga ya mkindu. Majani hayo huchanwa chane nyembamba, hukaushwa, yanayotakiwa rangi hutiwa rangi, kisha husukwa kuwa ukili mrefu. Kili hizo ndizo zinazoshonwa ubavu kwa ubavu hata ukapatikana mkeka. Jamvi ni nduguye mkubwa, lenye kusukwa kwa miyaa, majani ya mkoma, gumu zaidi na la bei nafuu zaidi, na ndilo lililokuwa likitandikwa penye watu wengi, kwenye harusi na kwenye matanga. Zamani, kabla ya rangi za unga za dukani, weusi wa mkeka ulipatikana kwa mizizi ya mdaa. Mtu aliyejua haya alijua pia mkeka unataka nini, kwani huwezi kukitunza kitu usichojua kimefanywa kwa nini.

Adui wa kwanza wa mkeka ni mchanga. Mchanga hupenya katikati ya chane ukaketi chini, na kila mtu akikanyaga, ule mchanga husaga ukindu kwa chini mfano wa msasa. Ndiyo sababu mama zetu hawakufagia juu ya mkeka tu wakaondoka. Waliuinua, wakaukung'uta nje, wakafagia sakafu iliyokuwa chini yake, kisha wakautandika upya, na mara nyingine wakaugeuza kichwa kuwa miguuni ili usiliwe upande mmoja. Ufagio wa chelewa hauna nafasi juu ya ukindu uliosukwa vizuri, maana huchokoa chane. Kitambaa kibichi kilichokamuliwa kinatosha, na kipitishwe kufuata ukili, si kuukata.

Adui wa pili, na kwa sisi wa Mji wa Kale huyu ndiye mkubwa, ni unyevu. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, vichochoro ni vyembamba, jua haliingii ila kwa kuchungulia, na wakati wa masika kuta hutoka jasho. Mkeka ukiachwa sakafuni siku nyingi katika hali hiyo huota kuvu, na kuvu ikishaingia kwenye mshono haitoki. Bibi mmoja mwenye asili ya Lamu, ambaye amesuka tangu utotoni, nilimpelekea mkeka uliofumuka ubavuni nikidhani ukindu umechakaa. Aliushika, akaunusa, akanitazama kama anitazamavyo mwanawe. "Mwanangu, ukindu huu mzima. Kilichooza ni mshono. Mumeukunja mkeka na maji." Akaushona kwa ukindu mpya kwa muda wa kunywa kahawa, na mkeka ukarudi kazini. Jua nalo hutakiwa kwa kiasi. La asubuhi hukausha na kufukuza kunguni, lakini mkeka ukishinda juani siku nzima ukindu hukauka kupita kiasi ukawa wa kuvunjika, na rangi hufifia. Na mkeka hauviringishwi kwa kukandamizwa wala haukunjwi kama shuka, kwani pale pa mkunjo ndipo utakapokatikia. Huviringishwa kwa ulegevu na kusimamishwa pembeni, mbali na ukuta wenye maji.

Baada ya hapo waliokuwa na uwezo waliufukiza msala kwa udi, lakini hilo lilikuwa pambo. Udi juu ya msala mchafu ni sawa na marashi kwa mtu asiyeoga.

Haya yote huenda yakaonekana ni mambo ya jikoni, yasiyostahili kuandikwa gazetini. Basi na tuirudie hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas bin Malik, Mwenyezi Mungu amridhie. Bibi yake Anas, Mulayka, alimwalika Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa chakula alichokitengeneza. Mtume alipokwisha kula aliwataka wasimame awasalishe. Anas akaliendea jamvi lao ambalo lilikwisha kuwa jeusi kwa kutumika muda mrefu, akalinyunyizia maji. Mtume akasimama juu yake, Anas na kijana yatima wakapiga safu nyuma yake, na yule bibi mzee akawa nyuma yao.

Mimi hadithi hii hunishika kila nikiikumbuka. Mgeni ni mbora wa viumbe, na nyumba haina kitu kipya cha kumtandikia. Hakuna aliyekwenda kuazima zulia kwa jirani. Jamvi lile lile lililoliwa na miaka lilitiwa maji likatosha. Wanavyuoni walioifafanua wametofautiana juu ya maji yale. Wako waliosema yalikuwa ya kulilainisha na kuondoa vumbi, na wako waliosema yalikuwa ya kuondoa shaka juu ya tohara yake. Lakini kwa kauli zote mbili jamvi lilikuwa kuukuu, na lilishughulikiwa kabla ya kusaliwa.

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo mawili, tohara na usafi. Vumbi ni uchafu lakini si najisi. Jasho la mwanadamu ni twahara. Msala unaweza kuwa na vumbi na harufu ya jasho na sala juu yake ikasihi. Kwa upande wa pili, msala unaweza kung'aa na kunukia, na pembeni mwake pana mkojo wa mtoto uliokauka, ukawa si twahara pahala hapo. Mtu wa kwanza aoneshwe ufagio, na wa pili aoneshwe maji, wala dawa ya mmoja haimponyi mwingine.

Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi wetu katika pwani hii, najisi inayoonekana huondolewa dhati yake, kisha rangi, harufu na ladha yake. Isiyobakisha athari yoyote hutosha maji kupita juu ya pahala pake. Mkojo wa mtoto wa kiume asiyetimia miaka miwili na asiyekula ila maziwa, huo hunyunyiziwa maji yakaeneza pahala pale, na wa mtoto wa kike huoshwa. Kukauka kwa jua peke yake hakutoharishi. Na liko jambo ambalo wengi hulisahau. Katika maji machache, yaani yasiyofikia kula mbili, ambazo hukadiriwa karibu lita 200, maji ndiyo yanayomiminwa juu ya najisi. Ukichukua kitambaa ukapangusa pahala penye mkojo, ukakichovya katika ndoo, ukarudi kupangusa pengine, hukusafisha kitu. Umeyanajisi maji ya ndoo, ukaipeleka najisi mahali ambapo haikuwako.

Sasa tulilete jambo hili msikitini. Mkeka ukipatwa na najisi huinuliwa, ukatundikwa ukutani, ukamiminiwa maji yakapita katikati ya chane mpaka chini, na kazi imekwisha kabla ya adhana nyingine. Zulia lililobandikwa sakafuni kwa gundi, lenye manyoya na sponji chini yake, utalimiminia nini na maji yatatokea wapi? Yatazama. Yatakaa ndani siku tatu, na kwa hali ya hewa ya Mombasa huenda yakakaa wiki. Matokeo yake ni ile harufu ambayo kila mmoja wetu anaijua na hakuna anayeitaja, harufu inayompata mtu puani wakati wa sijida, wakati ambao ndio anaotakiwa kuwa karibu zaidi na Mola wake. Uko msikiti mmoja, sitautaja, ambao ulipata zulia jipya nene la kupendeza kwa sadaka ya mtu mwema, na miezi michache baadaye safu ya kwanza mlangoni kutoka birikani ilikuwa ikikimbiwa. Watu husimama safu ya pili. Sadaka ile Mwenyezi Mungu aipokee, ila aliyelibandika kwa gundi ningependa kuonana naye.

Maana tusisahau miguu. Waliojenga misikiti yetu ya kale waliliweka birika karibu, na pembeni mwa birika wakaweka mawe ya matumbawe ya kusugulia nyayo. Mtu alitawadha, akasugua, akapiga hatua kadhaa juu ya sakafu ya chokaa, akaufikia mkeka nyayo zikiwa zimekwisha kupungua maji. Hata kama hazikukauka, mkeka hauyahifadhi. Katika Msikiti wa Mandhry, ambao hukadiriwa ulijengwa karibu na mwaka 1570, na katika Msikiti wa Basheikh, umri wa majengo wenyewe unaonesha kuwa vizazi na vizazi vilisali kabla ya kiwanda chochote kutengeneza zulia la kufunika ukuta kwa ukuta. Mazulia ya thamani yalikuwako. Majahazi ya kaskazi yaliyaleta kutoka Ghuba mpaka Bandari ya Kale, pamoja na tende na makasha. Lakini lile zulia la jahazi lilikuwa ni kitu cha kukunjika. Lilipandishwa darini, likapigwa fimbo, likarudi.

Wapo watakaonijibu kuwa asili ya vitu ni tohara, na yakini haiondolewi na shaka. Ni kweli, na mimi simwambii mtu arudie sala zake, wala sitaki kumtia mtu wasiwasi, kwani wasiwasi nao ni maradhi. Nasema tu kuwa dini iliyotupa ruhusa ya kutopekua haikutupa ruhusa ya kubandika.

Tulikwisha kuonjeshwa njia nyingine, ingawa kwa shida. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, misikiti ilifungwa mwezi wa Machi. Tarehe 6 Mei mwaka huo Mji wa Kale ukazuiliwa, asiingie mtu wala asitoke, mpaka mwezi wa Juni. Ramadhani na Idi zikapita tukisali majumbani. Hapo ndipo misala iliyolala juu ya makabati ilipoteremshwa, na wengi wakagundua kuwa nyumbani mwao mna msala mmoja tu kwa watu sita. Misikiti ilipofunguliwa tena mwezi wa Julai, kwa saa moja na kwa watu wasiozidi 100, mazulia yalikunjwa pale yalipokunjika, na kila mtu akaambiwa aje na msala wake. Mitaa ya Ndia Kuu na Kuze ikajaa watu wenye misala mabegani. Ilikuwa ni ada njema iliyoletwa na jambo baya. Sakafu za misikiti zilioshwa kwa maji mengi, zikaonekana jinsi zilivyo, na nyingine zilikuwa hazijaonekana miaka mingi. Hofu ilipokwisha, tukabandika tena.

Nakubali kuwa zulia lina uzuri wake. Wazee wenye magoti mabovu hulipenda, na haifai kuwaambia wasujudu juu ya chokaa tupu. Mistari iliyochorwa juu yake huzinyoosha safu. Na mkeka mzuri wa ukindu si rahisi, wala haupatikani kwa wingi kama zamani. Lakini kati ya jamvi tupu na zulia la gundi kuna nafasi kubwa. Zulia laweza kukatwa vipande vya upana wa safu moja, visivyobandikwa, ambavyo watu wawili waweza kuviviringisha na kuvipandisha darini. Msikiti ukiwa na vipande vya akiba, safu moja huwa juani na nyingine sakafuni, kwa zamu. Chini ya vipande, ikipatikana, paweke jamvi, ambalo hupitisha hewa. Wazee wapewe safu yenye mto zaidi. Hili ni jambo la kisu, uzi wa kushonea pindo na uamuzi wa kamati, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kung'oa zulia zima lililooza na kununua jingine.

Kuna na upande wa wasukaji. Mikeka ya ukindu tunayoipata Mombasa yatoka mikononi mwa wanawake wa Lamu na visiwa vyake, wa Pemba, na wa sehemu nyingine za pwani hii. Ni kazi inayofanyika nyumbani, baina ya kupika na kulea, na fedha yake huingia moja kwa moja mkononi mwa mwanamke. Mikeka ya plastiki ya kiwandani imewanyang'anya sehemu kubwa ya soko, kwa kuwa ni rahisi na huoshwa kwa maji tu. Siwalaumu wanaoinunua. Ila mkeka wa plastiki ukikatika hapana fundi wa kuushona, hutupwa, na huishia kwenye jaa au baharini. Wa ukindu ukifumuka humrudia msukaji, naye hupata riziki mara ya pili kwa mkeka ule ule. Msemo wetu wasema usiache mbachao kwa msala upitao. Watu huutumia katika mambo ya ndoa na urafiki, wakasahau kuwa mbacha ni mkeka kweli, mkeka mkongwe uliopo nyumbani mwao, na kwamba aliyesema maneno hayo alikuwa akijua bei ya kushona ubavu uliofumuka.

Ramadhani ikikaribia, kamati zetu za misikiti huanza kuchanga fedha za chokaa, za taa na za futari. Kabla ya kuchanga, naomba mtu mmoja katika kila kamati achukue kisu, aende kwenye pembe iliyo karibu na birika, ainue ncha ya zulia upana wa shubiri mbili, atazame chini yake, anuse, kisha awaite wenzake waje watazame nao.